Uzio wa mbao Tukuyu: miaka mitatu tu, nguzo zinakatika kama muhogo. Nimekosea wapi?

Mlima Ngosi (14 Aprili)

Wakuu salaam.

Nipo Tukuyu, Rungwe. Wanaopajua hawahitaji maelezo: mvua ya huku inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi kama huu habari za jua tunazisikia redioni. Miaka mitatu iliyopita nilizungushia uzio nyumba pamoja na banda la ng'ombe wangu wawili wa maziwa. Nguzo 28 za mlingoti (mkaratusi), fito mbili za kulala kila nafasi, halafu mabanzi ya kusimama. Fundi akashauri kila nguzo tuimwagie zege shimoni ili "isitikisike mpaka wajukuu". Mwisho nikapiga rangi ya mafuta, kijani, mpita njia anageuza shingo.

Jumamosi usiku ukapita upepo, wala haukuwa wa kutisha. Asubuhi nakuta upande wa bondeni wote umelalia migomba. Nguzo tano zimekatika, zote usawa wa ardhi, palepale. Kwa juu ni ngumu kabisa, msumari unagoma kutoka. Lakini pale ilipokatika ni nyuzinyuzi nyeupe, ukiminya kwa vidole maji yanachuruzika, na harufu ni ya uyoga.

Swali langu: kuna rangi gani inayozuia maji kweli kweli? Au hii ni kazi ya mchwa? Mama watoto anasema tuachane na mbao tupande michongoma. Natanguliza shukrani.

Karanga za Moto (14 Aprili)

Ngoja waje wataalamu. Mimi nimeshakaa, karanga ziko hapa.

Bwana Gereji (14 Aprili)

Mkuu umehangaika bure na rangi. Dawa ya mbao tangu enzi za babu ni oili chafu. Pita gereji yoyote beba dumu la lita 20, paka mara mbili, mchwa hasogei na maji yanateleza. Uzio wangu Mbalizi una mwaka wa sita.

Fundi Randa (14 Aprili)

Mlima Ngosi, pole sana kaka. Kabla hujanunua rangi wala oili, nifanyie kazi ndogo. Chukua bisibisi ndefu. Kwenye nguzo ambayo bado imesimama, ichome sehemu tatu: futi moja juu ya ardhi, usawa wa ardhi penyewe, na kipande kilichobaki shimoni ukishakifukua. Usitumie nguvu za kugombana, sukuma tu kwa kiganja. Halafu uniambie imeingia kiasi gani kila sehemu. Na huko shimoni angalia kama kuna vijia vya udongo vya mchwa.

Nauliza kwa sababu maelezo yako yananinukia zege kuliko rangi.

Mlima Ngosi (15 Aprili)

Fundi, leo mvua imekata saa sita mchana nikawahi.

Nguzo ya kwanza: futi moja juu, bisibisi imeingia ncha tu, kama unachoma meza. Usawa wa ardhi imezama mpaka mpini, nikaogopa. Kisha nikabomoa zege kwa sururu kutoa kipande cha chini. Hapo nimeshangaa. Kitako cha chini kabisa ni kigumu kuliko pale usawa wa ardhi, bisibisi imeingia kama sentimita moja. Na zege limekaa kama bakuli, mti umesinyaa umeacha upenyo pembeni wa kuingiza kidole, ndani yake maji yamejaa na viluwiluwi vya mbu vinacheza.

Vijia vya mchwa hakuna. Nimepima nguzo zote zilizobaki: 23, mbovu 9. Kwa hiyo jumla 14 kati ya 28 zimekwenda.

Karanga za Moto (15 Aprili)

Kaka umejenga mabwawa 28 ya samaki ukayasimamishia miti katikati 😂

Fundi Randa (15 Aprili)

Ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Mti hauuawi na mvua inayoupiga na kuteremka. Unauawa na maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea. Mlingoti uliokonda kwa jua ukipigwa na mvua mchana, jioni ukapata upepo, kesho yake umekauka. Lakini zege lako limefunga chini: maji yanaingia kwa juu kwenye huo upenyo, chini hayana njia, basi nguzo inakaa kwenye supu kuanzia Novemba mpaka Mei. Mimi niko Makambako, nimeng'oa nyuzio za namna hiyo mpaka nimechoka. Mwenye nyumba anadhani zege ni ulinzi, kumbe amemzika mgonjwa akiwa hai.

Kuhusu kwa nini pale usawa wa ardhi tu, nimwachie Binti Msitu, yule kasomea.

Binti Msitu (15 Aprili)

Nipo fundi, asante kwa kunisukumia mzigo.

Kinachoozesha ni kuvu, ndiyo maana Mlima Ngosi ananusa uyoga. Uyoga ni ndugu zake. Kuvu inataka vitu vitatu kwa pamoja: chakula, ambacho ni mti wenyewe, maji, na hewa. Mti ukiwa na unyevu chini ya asilimia 20 haiwezi kuuozesha, hata uishi nao chumba kimoja miaka mia. Sasa angalia nguzo yako. Kule juu hewa ipo lakini mti unakauka. Kule chini kabisa maji yapo lakini hewa ni haba. Pale usawa wa ardhi vyote vitatu vinakutana. Sentimita kumi na tano juu na chini ya udongo ndipo vita vyote vilipo, kwa hiyo dawa na hela zako zielekeze hapo kwanza.

La pili ni mti wenyewe. Milingoti ya kuuza nguzo inakatwa ikiwa michanga. Ukikata kitako utaona sehemu kubwa ni ule mti mweupe wa nje, kiini cheusi kidogo tu katikati. Ule weupe ndiyo njia ya maji mti ukiwa hai, una sukari na wanga, na hakuna jamii ya mti duniani ambayo weupe wake hauozi. Hata mvule na mninga, sifa yake yote iko kwenye kiini. Mtu anakuambia "hii ni mninga" kumbe amekupa ubao wa pembeni, mweupe kama mkate. Huo hauna tofauti na mpaina.

Na rangi ya mafuta: ulipaka nguzo zikiwa na umri gani tangu zikatwe?

Mlima Ngosi (15 Aprili)

Aisee... zilishushwa kwenye fuso Jumatano, Jumamosi zikasimama, wiki iliyofuata nikapaka. Tena zilikuwa na magome baadhi, fundi akasema gome ni koti lake la asili.

Binti Msitu (15 Aprili)

Gome ni koti la mti ulio hai. Ukishakatwa linageuka blanketi lenye maji, na chini yake wadudu wanataga mayai kwa raha zao. Lazima limenywe lote.

Halafu rangi ya mafuta ni kama kumvalisha nailoni mtu aliyetoka kuoga. Maji ya mti mbichi yalikuwa bado ndani, rangi ikayafungia. Bila shaka mwaka wa kwanza tu ilianza kuvimba malengelenge na kubanduka?

Mlima Ngosi (15 Aprili)

Miezi minane. Upande wa kusini inabanduka kama ngozi ya nyoka. Nikajua ni rangi feki.

Bwana Gereji (16 Aprili)

Sasa si ndiyo maana nikasema oili. Oili inaingia ndani ya mti, haifanyi gamba.

Binti Msitu (16 Aprili)

Kaka yangu Gereji, nikupe haki yako kwanza. Kwenye mbao za juu, oili chafu inafukuza maji kwa msimu mmoja au miwili, hilo mtu akikataa anakataa macho yake. Lakini haiingii ndani kama unavyosema. Kata kipande cha uzio wako utazame: weusi unaishia milimita chache tu. Kwenye udongo wenye unyevu haisaidii kitu cha maana, maana mti ukipasuka ufa mmoja tu kuvu imeshapita chini ya oili.

Na haikai kwenye mti. Mvua inaishusha kwenye udongo, na mle mna mabaki ya vyuma vya injini na sumu nyingine ambazo hutaki kuzikuta kwenye kisima. Mlima Ngosi ana ng'ombe. Ng'ombe analamba kila kitu, na maziwa ya huyo ng'ombe anakunywa mtoto. Mimi kwangu nisingepaka.

Bwana Gereji (16 Aprili)

Babu yangu alipaka miaka yote akafa na miaka 91.

Karanga za Moto (16 Aprili)

Alikuwa anapaka uzio au anapaka mwenyewe?

Bwana Gereji (16 Aprili)

😂😂 Mnanionea. Ila la ng'ombe nimelielewa. Na kusema kweli kwangu Mbalizi mvua ni nusu ya huko kwenu.

Nahodha Mstaafu (16 Aprili)

Wanangu, nimepita nikaona mnazungumza mti na maji, nikasema huu ndio mtaa wangu. Mimi wa Tanga. Chombo chetu cha mbao kilikuwa kinakaa ndani ya maji ya chumvi mwaka mzima na hakikuoza kama uzio wa mwanangu huyu wa mlimani. Sababu? Juu ya maji tulipaka sifa, yaani mafuta ya papa. Chini ya maji tulipaka deheni, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Lakini siri haikuwa sifa wala deheni. Siri ni kwamba tulipaka, tukapaka tena, tukapaka tena. Bamvua, yaani maji makuu, likija, chombo kinapandishwa pwani, kinakwanguliwa, kinakaushwa, kinapakwa upya. Nahodha aliyepaka mara moja akaenda kulala, chombo kilimlaza baharini.

Ninyi wa bara mnapaka uzio siku ya kuujenga, mnapiga picha, basi.

Mlima Ngosi (16 Aprili)

Shikamoo mzee. Hapo umenipiga palepale, hata brashi nilishaigawa. Ila nikipaka mafuta ya papa huku mlimani nadhani majirani watahama.

Nahodha Mstaafu (16 Aprili)

Marahaba mwanangu. Na paka wote wa wilaya watahamia kwako.

Posti ya Limuru (17 Aprili)

Hamjambo wadau. Huku kwetu Limuru ni baridi na ukungu, fensi zinaoza vilevile. Wazee walitumia posti za mtarakwa, na ziko shamba ambapo unakuta posti imesimama tangu enzi za walowezi, imekuwa kijivu, imepasuka, lakini ukiigonga inalia kama kengele. Kiini cha mtarakwa kina mafuta yake ya asili, ile harufu tamu ukichonga. Muhugu pia, huo hata mchwa anauheshimu. Shida ni kwamba huwezi kwenda tu msituni kukata mtarakwa leo, utaulizwa vibali. Siku hizi wengi wamehamia posti zinazotengenezwa kwa plastiki kuukuu. Si za kupendeza macho, lakini haziozi na mchwa hana la kula.

Lingine: nilikuwa nachoma ncha za posti kwenye moto hadi ziwe nyeusi kabla ya kuzika, kama baba alivyofanya. Zingine zimekaa, zingine zimeoza haraka ajabu. Mbona?

Binti Msitu (17 Aprili)

Mkaa wenyewe hauozi, hapo baba alikuwa sahihi. Lakini gamba la mkaa ni jembamba na moto unapasua mti. Maji yanapita kwenye nyufa yanakuta mti mzima nyuma ya gamba. Nadhani zile zako zilizokaa zilikuwa na kiini kikubwa, zingekaa hata bila moto.

Mkulima wa Mbinga (17 Aprili)

Sisi wa kahawa tuna mrututu, ule wa bluu tunaochanganya na chokaa kupulizia kahawa. Mzee wangu alikuwa anasimamisha nguzo mbichi kwenye ndoo ya mrututu. Ni kweli inasaidia au ni mazoea tu?

Fundi Randa (17 Aprili)

Inasaidia, na kwa mtu asiye na uwezo wa nguzo za kiwandani ndiyo njia ninayoiheshimu. Nimeifanya mara nyingi. Utaratibu wake unataka uharaka: mlingoti uliokatwa leo, kesho uwe ndani ya ndoo. Ukikauka njia zake zinaziba. Mrututu kilo 1 kwa maji lita 20, kwenye ndoo ya plastiki. Debe la bati usithubutu, mrututu unalila mpaka linatoboka na dawa inapungua nguvu. Simamisha nguzo, kitako ndani, mti unaendelea kunyonya kama bado uko shambani. Ukipungua unaongeza. Wiki moja hivi. Ukija kukata kipande unaona ukijani umepanda kwa ndani kabisa, siyo juu juu.

Kasoro zake: mrututu unayeyuka kwa maji, na mvua ya Tukuyu itaupunguza polepole mwaka hadi mwaka. Tena unakula misumari ya kawaida. Na mabaki yake usimwage mtoni, samaki watakufa. Kondoo nao ni wepesi sana kudhurika na mrututu, waweke mbali.

Ukiwa na hela, nunua nguzo zilizopigwa dawa kiwandani. Mikoa yetu ya Iringa na Njombe mitambo ipo, ndiyo inayotengeneza nguzo za umeme. Dawa inasukumwa kwa mgandamizo ndani ya pipa kubwa la chuma mpaka inajaza ule weupe wote. Hapo weupe wa mti, aliousema Binti Msitu kuwa ni udhaifu, unageuka nguvu kwa sababu ndio unaokubali dawa. Kiini kinagoma.

Mlima Ngosi (17 Aprili)

Fundi, zile za ukijani ukijani? Nitajuaje kama ni dawa kweli na siyo rangi? Maana hapa mjini kuna jamaa anazo, bei yake imenifanya nikae chini.

Fundi Randa (17 Aprili)

Swali zuri, maana wapo wanaochovya kwenye beseni na kukuuzia kama za kiwandani. Mwambie akukatie kipande mbele yako, katikati ya nguzo, siyo mwishoni. Ukijani uwe umezunguka weupe wote mpaka ukutane na kiini. Ukiona pete nyembamba kama karatasi, muage kwa adabu.

Ukishanunua, kitako kilichotoka kiwandani ndicho kinaenda shimoni. Ukitaka kufupisha, kata juu. Nimeona mtu amenunua nguzo nzuri za dawa, akazikata kitako kwa msumeno ili zilingane, akazika ule upande uliokatwa. Ni kama kununua koti la mvua ukalikata mgongoni.

Binti Msitu (17 Aprili)

Naongezea la usalama. Dawa ya hizo za ukijani kwa kawaida ni shaba, kromu na aseniki. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwisho wa 2003, ingawa kwa nguzo na kazi za shamba bado iko. Kwa uzio haina shida ukizingatia mambo mawili. Usitengenezee hori la ng'ombe wala meza ya chakula. Na vipande vilivyobaki visiende jikoni. Aseniki haiungui ikaisha, inabaki kwenye moshi na majivu. Huku vijijini kipande cha mti hakilali nje usiku mmoja bila kuokotwa kwa kuni, kwa hiyo vikusanye mwenyewe siku hiyohiyo. Na ukipasua kwa msumeno funika pua.

Mama Kibonde (18 Aprili)

Jamani na mimi niulize, nipo Bukoba, mvua yetu mnaijua. Nguzo zangu nzima kabisa, nimeshachoma bisibisi mpaka mkono unauma. Kinachooza ni fito za kulala na ncha za juu za nguzo. Ncha zimekuwa kama vikombe, juzi nimekuta mche wa mpapai umeota juu ya nguzo!

Fundi Randa (18 Aprili)

Dada, hongera kwa mpapai.

Ncha ya nguzo ikikatwa bapa, unakuwa umefungua midomo ya mirija yote iangalie mbinguni. Mti unanywa maji kwa kichwani kuliko ubavuni mara nyingi sana. Kata mshazari maji yateleze, au ivalishe kofia ya bati, kipande tu cha bati kuukuu ukikunje na kukipigilia pembeni, siyo juu. Msumari wa juu ni tundu.

Fito ni hivyohivyo. Maji yanakaa kwenye mgongo wake wa juu, na yanajificha pale banzi linapogusana na fito. Pitisha randa kwenye mgongo wa fito uwe na mteremko kidogo. Mabanzi kama bado yana gome, upande wa gome ndio unaooza kwanza. Na kama una pesheni au maboga yanayotambaa kwenye uzio, yashushe. Yanapendeza, ila jua haligusi mti.

Mama Kibonde (18 Aprili)

Pesheni ninayo 🙈 tena inazaa. Nimeshindwa kuamua nani abaki.

Nahodha Mstaafu (18 Aprili)

Pesheni inaliwa, uzio hauliwi.

Mlima Ngosi (19 Aprili)

Wakuu, nimekaa na mama watoto tumepiga hesabu. Kubadilisha nguzo zote 28 kwa za kiwandani siwezi mwaka huu. Nguzo 14 zilizooza, juu bado ni ngumu na ndefu. Je, siwezi kukata ile sehemu mbovu nikaitumia iliyobaki?

Fundi Randa (19 Aprili)

Unaweza, na ndivyo ningefanya mimi. Mti usiguse udongo tena. Chimba futi mbili, mwaga zege, katikati simamisha vipande viwili vya flatibaa (chuma bapa) vikiwa vimeachana kwa unene wa nguzo, vitokeze juu kama futi moja na nusu. Zege lako lipande juu ya ardhi kidogo na uso wake uwe na mteremko wa kumwaga maji nje. Limwagilie siku saba, usilikimbilie. Kisha nguzo unaiweka katikati ya vile vyuma, kitako kikae juu ya zege kwa nafasi ya sentimita tano, mkono upite chini. Toboa kwa drili, piga bolti mbili. Hilo pengo la sentimita tano ndilo dawa yako kubwa kuliko kopo lolote la dukani. Flatibaa zenyewe zipake rangi ya kuzuia kutu kabla.

Zile 14 nzima ambazo ziko kwenye zege la bakuli: vunja zege la juu kwa tindo, chini tafuta njia ya maji kutokea. Mwaga kokoto kitakoni na kuzunguka, siyo udongo wa mfinyanzi. Ukirudisha zege, liwe kola ya juu tu yenye mteremko, chini nguzo isimame juu ya kokoto.

Mabanzi yote yapunguze chini, yaache ardhi kwa angalau sentimita tano. Tone la mvua likipiga udongo linarusha tope, wewe angalia ukuta wa nyumba yako utaona limefika wapi. Misumari tumia ya kuzuia kutu. Ya kawaida inaacha michirizi myeusi kama machozi, na tundu linapanuka.

Na usifanye sasa. Subiri Agosti au Septemba mti ukauke.

Mlima Ngosi (19 Aprili)

Na ya kupaka je?

Binti Msitu (19 Aprili)

Kitu kinachoingia, siyo kinachofunika. Dawa ya mbao ya dukani ile nyepesi ya kahawia, soma kopo uhakikishe ni ya nje na fuata maelezo kuhusu mifugo. Juu yake mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale wauza hadiwea wanaita linsidi. Kwangua rangi yote ya zamani kwanza. Vitako na ncha zipake mara tatu, zinyweshe mpaka zikatae. Matambara yenye linsidi usiyarundike pembeni ya banda, yanajipasha joto yenyewe mpaka yanawaka. Yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji.

Kujua kama muda wa kurudia umefika: nyunyizia maji. Yakisimama kama shanga, bado. Yakizama, tafuta brashi.

Karanga za Moto (19 Aprili)

Uzi mtamu. Nimekuja kucheka naondoka naenda kuchoma bisibisi uzio wa shemeji.

Mlima Ngosi (21 Septemba)

Wakuu nimerudi. Mwezi mzima nimekuwa fundi. Nguzo 14 zimekaa kwenye vyuma, 14 nyingine zimepewa kokoto. Kuvunja yale mabakuli ya zege kumenila wiki mbili na kucha moja. Fundi wangu wa zamani alipita akaniuliza mbona nguzo zinaning'inia, nikamwambia zinapumua. Akaondoka anatikisa kichwa. Upande wa bondeni, penye kivuli muda wote, nimekubali wazo la mama watoto: hapo kati ya nguzo hakuna mabanzi tena, ni michongoma.

Linsidi imenywewa kuliko nilivyotarajia, kopo la kwanza liliisha kwenye ncha za nguzo tu.

Fundi Randa (21 Septemba)

Safi sana kaka. Usituambie sasa. Tuambie mwakani Mei.

Mlima Ngosi (19 Mei)

Wakuu, ugonile. Masika ndiyo inamalizikia. Nimetimiza ahadi, leo nimepita na bisibisi nguzo zote 28.

Zile 14 za kwenye vyuma: ncha tu, zote. Chini ya kitako nimepitisha mkono, pakavu, nimekuta kuku anatagia pengo la nguzo ya tisa. Za kokoto: 12 ziko vizuri, 2 bisibisi imeingia sentimita mbili. Nadhani zilikuwa zimeshaanza kabla nikazionea huruma. Hizo nitazikata zipande kwenye vyuma Agosti. Upande wa kusini maji hayasimami tena kama shanga, nimeshanunua kopo la pili.

Michongoma imefika magotini, mbuzi wa jirani wameshaanza kuionja.

Bwana Gereji (19 Mei)

Hongera mkuu. Na mimi niungame, uzio wangu, sasa mwaka wa saba, umelala wiki iliyopita. Usawa wa ardhi. Fundi Randa, hizo flatibaa ni za unene gani?

Fundi Randa (19 Mei)

Milimita 6, upana inchi mbili. Na lile dumu la oili liache gereji.